Kiwanda Kikiangukia Ng'ambo ya Mpaka: Njia Nne za Halmashauri Jirani Kukuza Uchumi Pamoja

Mwekezaji anayetafuta mahali pa kujenga kiwanda hasumbuki na mipaka ya halmashauri. Anauliza: umeme unafika? Maji yapo? Barabara inabeba malori? Wafanyakazi watatoka wapi, na asubuhi watafikaje? Mara nyingi majibu yametawanyika. Kiwanja kiko manispaa hii, chanzo cha maji kiko ya pili, wafanyakazi wanalala ya tatu. Kodi ya majengo na ada ya leseni, hata hivyo, vinaingia mfuko mmoja tu, wa manispaa ambayo kiwanda kimesimama juu ya ardhi yake.

Ugomvi mwingi wa majirani unaanzia hapo. Kwenye mkutano wa kwanza kila meya anakubali kwamba umoja ni nguvu. Siku kiwanda kinapoangukia upande mmoja, wengine wanabaki na malori yanayokatisha mitaa yao na foleni za wafanyakazi, bila senti ya kukarabati barabara. Mwaka unaofuata kila mmoja anatangaza msamaha wake wa kodi ili kiwanda kijacho kimwangukie yeye.

Ulinganisho huu ni wa wale ambao wamekwisha kubaliana kushirikiana na sasa wamekwama kwenye swali la pili: kwa umbo gani? Madiwani, wakurugenzi, maofisa mipango, viongozi wa wafanyabiashara. Kila nchi ina sheria yake na majina yake, lakini ukiyavua majina hayo unakuta maumbo manne yanayojirudia: makubaliano ya hiari, chombo cha kazi moja, kampuni au wakala wa pamoja, na mamlaka ya pamoja yenye mapato yake.

## Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mapato. Nani anachangia, nani anavuna, na kiwanda kikijengwa kwa mmoja wengine wanapata nini? Nimekiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachoachwa mwisho kwenye vikao vingi, na ndicho kinachovunja ushirikiano.

Cha pili ni maamuzi: nani ana kura, ngapi, na mwananchi asiyeridhika anamlaumu nani. Cha tatu ni muda, nacho kina sura mbili. Kazi inaanza lini? Na je, ushirikiano utavuka uchaguzi ujao, meya mpya atakapoingia na kukuta sahihi ya mtangulizi wake? Cha nne ni kutoka. Mwanachama akichoka, anaondokaje, na anaacha nini nyuma: madeni, majengo, wafanyakazi?

## Makubaliano ya hiari

Mameya wanakutana, wanasaini hati ya makubaliano, wataalamu wanaunda kamati, na eneo zima linaanza kujitangaza kwa jina moja kwenye maonyesho ya biashara. Hakuna chombo kipya wala wafanyakazi wapya.

Mapato. Hayaguswi. Kila manispaa inabaki na kodi yake, na gharama ni ndogo kiasi kwamba hakuna wa kulalamika. Kinachoweza kuwekwa ni adabu ya ushindani. Katika eneo la Denver, nchini Marekani, wanachama wa shirika la kukuza uchumi liitwalo Metro Denver EDC wana kanuni za maadili: unauza eneo zima kwanza, mji wako baadaye, na kampuni iliyoko mji wa jirani ikikujia ikitaka kuhama, jirani huyo lazima ajulishwe. Kanuni hiyo haigawi hata shilingi, lakini inaondoa ule ushindani wa kunyang'anyana kampuni ambazo tayari zipo, ushindani ambao kwa eneo zima hauleti ajira mpya hata moja.

Maamuzi. Kwa maafikiano. Kila mmoja ana kura ya turufu, na anayepinga anaweza tu kukosa kuhudhuria kikao.

Muda. Hakuna njia inayoanza haraka kuliko hii. Wiki chache zinatosha. Kudumu ni jambo jingine. Kansas City imekatwa katikati na mpaka wa majimbo ya Missouri na Kansas, na kwa miaka mingi kampuni zilikuwa zikivuka mpaka kwa mwendo wa kilomita chache tu ili kupata nafuu ya kodi upande wa pili. Ajira zilikuwa zilezile, wafanyakazi walewale, nyumba zao palepale. Mwaka 2019 majimbo hayo mawili yaliweka silaha chini: Missouri kwa sheria, Kansas kwa amri ya gavana. Ilipofika 2024, bunge la Kansas lilipitisha sheria ya kusaidia ujenzi wa viwanja vya michezo ili kuzivuta timu mbili kubwa zilizokuwa upande wa Missouri. Makubaliano yalihimili kampuni za kawaida. Mbele ya kitoweo kikubwa, mkono ukanyooka. (Na hawa ni majimbo, yenye wanasheria na bajeti, manispaa ndogo zitazame na kujipima.)

Kutoka. Rahisi mno. Unaacha kuja.

Inawafaa nani. Majirani ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja na hawaaminiani. Pia wale ambao sheria ya nchi yao haijafungua njia nyingine. Ni pazuri pa kuanzia, mradi isichukuliwe kuwa ni mwisho wa safari.

## Chombo cha kazi moja

Hapa manispaa zinachagua jambo moja lenye mipaka inayoonekana, kama soko la jumla, stendi ya mabasi, mtambo wa maji taka au eneo la viwanda, na kuunda chombo cha kuliendesha. Ufaransa iliruhusu vyama vya aina hii kwa sheria ya Machi 22, 1890, na umbo hilo bado linatumika. Wajerumani wanakiita Zweckverband, na miongoni mwa matumizi yake ni eneo la viwanda la pamoja: manispaa moja inatoa ardhi, zote zinachangia barabara, maji na umeme, na kodi ya biashara itakayotoka humo inagawanywa kwa uwiano uliokubaliwa kabla trekta halijaingia.

Maneno hayo ya mwisho, *kabla trekta halijaingia*, yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kugawana mapato ya kiwanda ambacho hakipo ni rahisi, kwa kuwa hakuna anayejua nani atapata na nani atakosa. Kugawana mapato ya kiwanda kinachotoa moshi ni kumwomba mtu afungue mfuko wake.

Mapato. Ndiyo nguvu kubwa ya umbo hili. Kanuni ya kuchangia inaweza kuwa idadi ya watu, kiasi cha matumizi, ukubwa wa bajeti au mchanganyiko, na kanuni ya kuvuna si lazima ifanane nayo. Mwenye ardhi kwa kawaida anadai nyongeza kidogo, na ana haki: kelele, vumbi na malori ni vyake. Tahadhari ni moja. Kuchangia kwa usawa, kila mmoja kiasi kilekile, kunasikika kuwa haki, kumbe kunamlemea mdogo. Naye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuchelewesha malipo.

Maamuzi. Bodi ya wajumbe kutoka kila baraza la madiwani. Ugomvi wa kawaida ni viti. Mkubwa anataka viti kwa idadi ya watu, wadogo wanataka viti sawa. Suluhisho linalopatikana mara nyingi ni viti kwa uwiano, lakini pasiwe na mwanachama mmoja mwenye zaidi ya nusu ya kura, na mambo mazito kama mkopo au kuuza ardhi yahitaji theluthi mbili.

Kasoro yake haionekani mwaka wa kwanza. Chombo cha kwanza kinafanya kazi vizuri, kwa hiyo kinaundwa cha pili, kisha cha tatu. Baada ya muda manispaa moja inajikuta mwanachama wa vyombo vingi, kila kimoja na bodi yake, posho zake na ripoti zake, na mwananchi hajui barabara mbovu ya kwenda sokoni ni ya nani. Ufaransa ilijikuta na maelfu ya vyama vya namna hii.

Muda. Kuandika katiba yake, kupitisha kwenye mabaraza yote na kupata kibali cha serikali kuu huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Kikishasimama, kinavuka uchaguzi vizuri. Meya mpya anaweza kuichukia hati aliyosaini mtangulizi wake, lakini ni vigumu kulichukia soko lililojaa watu.

Kutoka. Inawezekana, kwa hesabu. Katiba iseme mapema nani anabaki na majengo, deni linagawanywaje, na taarifa itolewe muda gani kabla. Ibara hii huandikwa kwa haya, kama mtu anayezungumzia talaka siku ya harusi. Iandikwe.

Inawafaa nani. Manispaa zenye tatizo moja kubwa linalofanana, na hasa zile ambazo hakuna hata moja inayoweza kulibeba peke yake.

## Kampuni au wakala wa pamoja

Sasa tunatoka kwenye kuendesha kitu na kuingia kwenye kuuza eneo: kutafuta wawekezaji, kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kupata mitaji na masoko, kuunganisha vyuo na viwanda. Kazi hizi zinataka watu maalumu. Manispaa ndogo haiwezi kumwajiri mtaalamu wa uwekezaji anayezungumza lugha tatu. Ikimwajiri, atapewa pia kazi ya kusimamia usafi wa soko. Saba zikichanga, zinampata.

Umbo hili lina ndugu wawili wanaochanganywa. Wa kwanza ni wakala unaotangaza na kusaidia, usio na faida. Eneo la Stuttgart, Ujerumani, lenye manispaa 179, lina kampuni ya kukuza uchumi iliyoanzishwa 1995; mwekezaji anabisha hodi mlango mmoja badala ya 179. Brazil nako, manispaa saba za Grande ABC, jirani na jiji la São Paulo, ziliunda muungano wao mwaka 1990, na mwaka 1998 ukazaliwa wakala wa maendeleo ya uchumi. Viwanda vya magari vilivyokuwa uti wa mgongo wa eneo hilo vilikuwa vikiyumba, na hakuna manispaa iliyoweza kuzungumza peke yake na watengeneza magari, vyama vya wafanyakazi na serikali ya jimbo kwa pamoja.

Ndugu wa pili ni kampuni ya biashara yenye mali. Mfano unaojulikana ni uwanja wa ndege wa Manchester, Uingereza. Ulipogeuzwa kampuni mwaka 1986, halmashauri ya jiji la Manchester ilishika asilimia 55 ya hisa na halmashauri tisa za jirani asilimia 5 kila moja. Leo, baada ya mbia wa nje kuingia mwaka 2013, Manchester na mbia huyo wana asilimia 35.5 kila mmoja, na zile tisa zimebaki na asilimia 29 kwa pamoja.

Mapato. Tafakari ule mfano wa uwanja wa ndege. Ndege zinatua sehemu moja tu, lakini gawio linafika kwa kumi. Hisa zimejibu swali la kiwanda kuangukia upande mmoja bila kugusa kodi hata kidogo. Ndiyo ustadi wa umbo hili. Upande wa pili wa sarafu ulionekana 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya janga la korona: gawio lilikauka, na halmashauri zilizokuwa zikilihesabu kwenye bajeti za huduma za kila siku zikabaki na pengo. Mwenye hisa ni mwenye hasara pia.

Kwa wakala usio na mali, tatizo ni jingine: michango ya kila mwaka. Mwaka mgumu ukija, mchango wa wakala ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna mpiga kura anayeuona. Sheria ya Brazil ya mwaka 2005 kuhusu miungano ya serikali za mitaa ina dawa kali. Kila mwaka wa fedha wanachama wanasaini mkataba wa kugawana gharama, na asiyeweka fungu lake kwenye bajeti anaweza kusimamishwa na hatimaye kufukuzwa. Dawa hiyo inasaidia, haiponyi. Hata Grande ABC baadhi ya wanachama wamewahi kujitoa.

Maamuzi. Bodi inaamua haraka, na hilo ndilo linalovutia. Ndilo pia linalotisha. Kampuni ina siri za kibiashara; diwani akiuliza mwekezaji ameahidiwa nini, anaweza kujibiwa kwamba ni siri ya mazungumzo. Kama mkaguzi wa hesabu za serikali hana mlango wa kuingilia, usiikubali katiba hiyo, hata kama walioiandika ni watu waadilifu. Watu hubadilika, katiba inabaki.

Muda. Kampuni inaweza kusajiliwa haraka. Kujenga jina na mtandao wa wawekezaji ni kazi ya miaka, na hapa ndipo wanasiasa wanapokosa subira: wakala wa mwaka mmoja ana ripoti nzuri na wawekezaji wachache.

Kutoka. Kwa kampuni yenye hisa, uza hisa, ukipata mnunuzi anayekubalika na wenzako. Kwa wakala, acha kuchangia na usubiri barua.

Inawafaa nani. Wakala: manispaa nyingi ndogo zenye uchumi unaofanana. Kampuni ya mali: zile zenye rasilimali moja kubwa inayozalisha fedha, yaani bandari, uwanja wa ndege, kituo cha maonyesho, soko kuu.

## Mamlaka ya pamoja yenye mapato yake

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote. Manispaa zinabaki, madiwani wanabaki, lakini juu yao kunasimama mamlaka yenye nguvu za kisheria kuhusu usafiri, mipango miji, maeneo ya viwanda, na sehemu ya kodi.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Ina karibu manispaa 35,000, nyingi zikiwa vijiji vya watu wachache, na badala ya kuzifuta imezifunga pamoja kwenye jumuiya takriban 1,250 zinazotoza kodi zake zenyewe. Sheria ya 1999 iliweka msukumo: manispaa za mjini zilizokubali kuunganisha kodi ya biashara kuwa moja kwa eneo zima zilipata ruzuku nono kutoka serikali kuu. Sheria ya 2015 iliongeza kiwango cha chini cha wakazi hadi 15,000, isipokuwa maeneo maalumu, na kuzikabidhi jumuiya hizo kazi ya maeneo ya viwanda na biashara.

Mapato. Hapa swali la kiwanda linajibiwa moja kwa moja: kodi ya biashara iliyounganishwa ni ya jumuiya, kwa hiyo kiwanda kiangukie popote. Lakini tazama walivyomtuliza mwenye kiwanda cha zamani. Manispaa iliyokuwa ikipata kodi kubwa kabla ya kujiunga inarudishiwa kila mwaka fidia inayolingana na kile ilichokuwa inapata, ukiondoa gharama za kazi zilizohamia kwenye jumuiya. Kilichokwenda kwenye chungu cha pamoja ni ongezeko. Hakuna aliyenyang'anywa cha jana. Wamekubaliana kugawana cha kesho. Nitalirudia hili hapo chini.

Maamuzi. Aina mbili. Ya kwanza ni viongozi wa manispaa kukaa pamoja. Eneo la Manchester Kubwa (Greater Manchester) lilianza hivyo mwaka 2011, halmashauri kumi, kisha mwaka 2017 wananchi wakachagua meya wa eneo zima. Ya pili ni baraza linalochaguliwa na wananchi tangu mwanzo, kama la eneo la Stuttgart, lililoundwa 1994. Aina ya kwanza inalinda manispaa, lakini kila kiongozi anakuja na macho ya nyumbani kwake. Ya pili inaleta watu wanaofikiria eneo zima, na inaleta pia mafahari wawili katika zizi moja: meya wa mji na mkuu wa eneo, kila mmoja akidai kuwa na ridhaa ya wananchi walewale.

Muda. Miaka, na lazima bunge lihusike. Wale wa Manchester hawakuanza 2011. Baada ya baraza la kaunti yao kufutwa 1986, halmashauri kumi ziliendelea kukutana kwa hiari, chini ya umoja wao, kwa robo karne. Mamlaka ilikuja kuvika nguo mwili uliokuwepo. Anayetaka kuruka hatua hiyo kwa sheria tu atapata jengo, nembo na vikao.

Kutoka. Karibu haiwezekani, na kwa makusudi. Mkopo wa miaka 30 wa reli ya mjini haukopeshwi kwa ndoa ya majaribio.

Inawafaa nani. Maeneo ambayo tayari ni mji mmoja kwa maisha ya watu, ambako mtu anaamka manispaa hii, anafanya kazi ile na kununua mahitaji nyingine, na kinachokosekana ni ramani kukubali hivyo. Kwa manispaa za vijijini zilizotengana ni mzigo usio na sababu.

## Kiungo kinachoingia kwenye njia yoyote

Rudi kwenye lile neno, ongezeko. Mwaka 1971 bunge la jimbo la Minnesota, Marekani, lilipitisha sheria kwa ajili ya kaunti saba zinazozunguka Minneapolis na Saint Paul. Kila manispaa inaweka kwenye chungu cha pamoja asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda tangu mwaka huo. Chungu kinagawanywa kwa kutazama idadi ya watu na utajiri wa majengo kwa kila mkazi. Mwenye kidogo anapata zaidi. Kuna manispaa iliyoipinga mahakamani ikashindwa mwaka 1974, na utaratibu ungali unafanya kazi. Bloomington, mji wenye Mall of America, jumba kubwa la maduka lililofunguliwa 1992, ni miongoni mwa miji inayoweka zaidi ya inachochukua. Wanunuzi wa jumba hilo, bila shaka, hawatoki Bloomington peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua manispaa ambayo mwaka wa makubaliano thamani yake ilikuwa 100, na miaka 10 baadaye ni 150. Ongezeko ni 50. Asilimia 40 yake ni 20. Mwenye bahati anabaki na 130. Bado ana sababu ya kuvutia viwanda, na jirani ana sababu ya kutomwekea vikwazo. Kamati za fedha zinaogopa neno kugawana kwa sababu zinadhani ni kugawana walicho nacho. Waonyeshe hesabu hiyo ubaoni, kwa takwimu zao wenyewe.

Minnesota haikuunda manispaa mpya kwa ajili ya hili, wala haikufuta yoyote. Kiungo hiki kinaweza kuunganishwa na chombo cha kazi moja, na wakala, hata na mkataba mfupi kati ya manispaa mbili, ikiwa sheria ya nchi inaruhusu manispaa kulipana.

## Na kuungana kabisa?

Swali hili huulizwa, kwa hiyo lipate aya yake. Denmark ilipunguza manispaa kutoka 271 hadi 98 mwaka 2007. Japani ilishuka kutoka zaidi ya 3,200 mwaka 1999 hadi takriban 1,730 mwaka 2010. Kuungana kunamaliza ugomvi wa kodi ndani ya eneo jipya, lakini kunausogeza mpaka mbele tu; ng'ambo yake kuna jirani mwingine na kiwanda kingine. Na kwa kawaida si uamuzi wa manispaa zenyewe, ndiyo maana sikuuweka kwenye mizani ya leo.

## Kwa hali yako

Kama hamjawahi kufanya jambo lolote pamoja, anzeni na makubaliano ya hiari, lakini yawe na mambo mawili yanayopimika: kujulishana kampuni inapotaka kuhama, na kutoongeza misamaha ya kodi bila kuzungumza. Wekeni tarehe ya kuyapitia, kabla ya uchaguzi, si baada yake.

Kama kuna kitu kimoja kinachowauma nyote, na gharama yake inajulikana, nendeni kwenye chombo cha kazi moja. Msikirundikie kazi ya pili kabla hakijafunga hesabu za mwaka mzima zilizokaguliwa.

Kama tatizo lenu ni kutojulikana na kukosa wataalamu, wakala. Mkubaliane michango ya miaka mitatu au minne kwa mkupuo, na wakala uripoti kwa mabaraza yote, si kwa la manispaa mwenyeji peke yake.

Kama mna mali inayozalisha, kampuni yenye hisa. Kamati ya fedha ijiwekee kiwango: gawio lisilipe mishahara wala huduma za lazima.

Kama watu wenu wamekwisha kuwa mji mmoja na mna uzoefu wa miaka ya kukaa meza moja, daini mamlaka ya pamoja, na iombeni serikali kuu ruzuku ya kuanzia. Kule Ufaransa ruzuku ilishawishi wengi kuliko hotuba.

Kama mmoja wenu ni mkubwa kuliko wote mkijumlishwa, umbo lolote mtakalochagua liwekeeni kikomo cha kura zake, na mpeni yeye kitu ambacho wadogo hawana: pengine ofisi za makao makuu, pengine uenyekiti wa kipindi cha kwanza. Mkubwa anayejiona amezidiwa kura na wadogo huondoka, na wadogo wanaojiona wamemezwa hawachangii.

Na kama mwekezaji tayari yuko mlangoni, akizungumza na kila mmoja wenu kwa siri na kulinganisha misamaha mnayomwahidi, hamna muda wa umbo lolote kati ya haya manne. Pigianeni simu leo. Kubalianeni kiwango kimoja cha msamaha, na karatasi moja inayosema asilimia ngapi ya kodi ya kiwanda hicho itakwenda kwa jirani atakayetoa maji na wafanyakazi.